Kaka kaniuliza achukue "mguu wa kuku" upi. Jibu langu hakulipenda

Haya wadau wangu, Desemba hiyooo inabisha hodi. Muda si mrefu mabasi ya Moshi yataanza kujaa, Wachagga wa mjini wataanza safari ya kwenda "kuhesabiwa", na huko Marangu, Machame, Kibosho na Rombo mbuzi wa ndafu wameshaanza kuangaliana kwa mashaka. Raha tupu.

Lakini kuna fasheni moja hurudi na msimu huu, na leo nataka tuiseme. Mguu wa kuku kiunoni.

Mnaijua ile picha. Mheshimiwa anashuka kwenye gari, anaingia baa, anajinyoosha kidogo kama mtu aliyechoka na safari, fulana inapanda upande mmoja, baa nzima inaona kilichopo. Hajasema neno. Mhudumu anaanza kumwita "bosi" kabla hata hajaagiza supu.

Mastaa nao hawako nyuma. Kuna mmoja, jina silitaji, alipiga picha kwenye kihamba cha baba yake, migomba nyuma, bastola kwenye mkanda, chini kaandika kwamba nyumbani ni nyumbani. Nilicheka peke yangu. Upo kwa baba yako, katikati ya migomba, unamwogopa nani? Shangazi?

Kicheko kiliisha wiki tatu zilizopita, pale kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja aliponitumia WhatsApp. Picha tatu za bastola, halafu ujumbe: "Mdogo wangu, wewe mtu wa mitandao. Nichukue ipi? Nataka ile saizi kubwa kabisa, siyo hivi vitoto."

Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini. Simenti, mabati, nondo. Jioni anatembea na hela. Ameshafuatwa na pikipiki mara mbili akielekea nyumbani, kwa hiyo simlaumu kwa kuwa na hofu. Hofu yake ni ya kweli. Ndiyo maana sikumjibu kwa mzaha. Nilimjibu kwa urefu, na nyie leo nawaletea jibu lenyewe, maana najua siyo kaka yangu peke yake anayejiuliza.

Kabla hamjaanza "wewe mwanamke unajua nini kuhusu silaha", subirini. Nina mjomba, polisi mstaafu, mmoja wa wale waliopita hapa hapa kwetu CCP enzi zao. Aliwahi kunipeleka kulenga shabaha, mahali penye wasimamizi, si porini. Nilienda kutafuta picha za kupost. Nikarudi sina picha hata moja ila nina adabu.

KUBWA INA RAHA YAKE, TUSEME UKWELI

Picha alizonitumia kaka zilikuwa za Glock 17, Beretta 92FS na CZ 75. Zote ni saizi kamili, zote zinakula risasi ya milimita 9, na zote zinajikoki zenyewe: ukifyatua moja, ganda linaruka nje na risasi nyingine inapanda kwenye chemba. Unavuta mara moja, inatoka moja.

Glock 17 ni ya Waaustria, jeshi lao liliichukua miaka ya 80 mwanzoni. Mwili wake una plastiki ngumu, kwa hiyo ni nyepesi, gramu 600 na kitu ikiwa tupu, na magazini yake inabeba risasi 17. Beretta ni Mtaliano, ya metali, karibu kilo moja bila risasi, inabeba 15. Ndiyo hiyo jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1985, na ndiyo mnayoiona kwenye nusu ya sinema mlizokulia. CZ 75 ni ya Wacheki, ilitoka miaka ya 70, nayo ni kama kilo moja, na wapenzi wa shabaha wanaisifia jinsi mpini wake unavyokaa mkononi.

Kwa kulenga shabaha, kaka hajakosea kutaka kubwa. Mjomba alinielewesha hivi: bastola nzito inapiga teke kidogo kuliko nyepesi, maana uzito wake wenyewe unameza ule mshtuko. Mpini mrefu unaacha vidole vyote vikae. Mtutu mrefu unafanya ile nukta ya mbele na ile ya nyuma ziachane zaidi, kwa hiyo ukikosea kulenga unaliona kosa mapema. Mtu anayejifunza ataumia kidogo na atajifunza haraka kwa kubwa kuliko kwa kale kadogo ka mfukoni kanakoruka kama samaki.

Na bado! Risasi kumi zangu za kwanza, hatua kumi tu kutoka kwenye karatasi, zilizogusa karatasi ni mbili. Nimesimama, nimetulia, hakuna anayenikimbiza, masikio nimeziba, mjomba ananipigia hesabu ya pumzi. Mbili. Nane zilienda kwenye udongo nyuma. Mjomba akaniuliza swali moja: "Hizo nane zingekuwa barabara ya Double Road saa moja jioni, zingeenda kwa nani?"

Nilinyamaza aisee.

SASA IVAE UTEMBEE NAYO

Hapa ndipo wengi hawafikiri. Wananunua kwa macho, halafu kiuno ndicho kinalipa.

Beretta yenye risasi zake inavuka kilo moja. Chukua kilo ya sukari, iweke upande wa kulia wa suruali, utembee nayo toka asubuhi. Panda daladala. Inama ufunge kamba za viatu. Kaa kwenye gari mpaka Arusha na mkanda wa gari juu yake. Urefu wake ni sentimita 21 na ushee. Ukikaa, mpini unakuchoma mbavu, au mtutu unakuchoma paja.

Na hali ya hewa yetu sasa. Ukiwa Marangu mwezi wa saba, ukungu umeshuka, umevaa koti na sweta, unaweza kuficha hata kinu. Shuka Moshi mjini mwezi wa kwanza, lile joto letu mnalijua, kila mtu na fulana nyepesi, mguu wa kuku wa saizi kamili unaonekana kama umebeba pasi. Kila anayekuangalia anajua. Na anayetaka kukupora naye anajua. Umempa habari mbili bure: kwamba una kitu cha kulinda, na kwamba ukipigwa kikumbo vizuri atapata silaha juu.

Ndiyo maana wanaobeba kwa kazi, siyo kwa sifa, wengi huchukua saizi ya kati, kwa mfano Glock 19 yenye risasi 15. Inapungua kidogo tu kila upande, lakini kiuno kinaona tofauti. Halafu wanatumia hela ya maana kwenye mkanda mgumu na mfuko wa bastola unaofunika kifyatulio chote. Hili la mfuko ni kubwa kuliko mnavyodhani. Glock haina kile kitufe cha kufunga kwa dole gumba. Usalama wake uko ndani na kwenye kifyatulio chenyewe. Ukiichomeka kwenye suruali tupu, bila mfuko, kamba ya koti au kidole kikiingia vibaya, utajipiga mwenyewe, na mahali utakapojipiga sitapataja hapa, watoto wanasoma.

YALIYOTOKEA CHOONI

Desemba iliyopita nilikuwa kwenye sehemu moja ya starehe hapa mjini. Kuna bwana mdogo, anajulikana sana, kazi yake mnaipenda, jina kaa nalo. Alikuja na kundi, meza imejaa chupa, kiunoni kubwa kuliko yeye.

Saa tano usiku akaenda chooni. Sasa fikiria, suruali ikishuka na kilo nzima ya chuma, lazima uitoe uiweke mahali. Akaiweka juu ya tangi la maji. Akamaliza mambo yake, akanawa au hakunawa sijui, akarudi mezani akaendelea kuagiza.

Aliyeikuta ni dada wa usafi. Nilimwona akitoka nayo kwenye korido, ameishika kwa vidole viwili, kwa mtutu, mkono ameunyoosha mbali na mwili kama mtu aliyeshika panya aliyekufa. Kifyatulio wazi. Anatetemeka mpaka meno. Anaita "mwenye hii! mwenye hii!" katikati ya watu, na kila anapogeuka mpini unageuka naye.

Bahati ilikuwa upande wetu, hakuna kilichotokea. Bwana mdogo akaichukua akacheka, akampa dada noti, meza yake ikapiga makofi. Mimi sikuweza kula tena. Yule dada angedondosha, angejikwaa, angebonyeza kwa hofu, leo tungekuwa tumemsahau yeye na tunajadili "ajali ya bahati mbaya". Mzembe ni mmoja, ila wa kufa ni yeyote aliyepo.

Na silaha na pombe haviendi pamoja, hili halina mjadala. Kama ratiba yako ya Desemba ni mbege kwa mjomba, bia kwa shemeji na nyama choma kwa jirani, basi ratiba yako haina nafasi ya bastola. Chagua moja.

JE, ITAKUOKOA?

Kaka akanirudia: "Sasa wakinivamia nifanye nini, niwape mikono?"

Swali la haki. Lakini sisi wa Kilimanjaro hili tumeshalisomea. Agosti 2013, mchana kweupe, kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, Wilaya ya Hai, si mbali na KIA, bilionea wa tanzanite aliuawa kwa bunduki ya kivita. Mkoa mzima ulisimama. Watu waliomzidia mtu mbinu, wamepanga, wamemsubiri, wana silaha kubwa, hawakupi sekunde za kupandisha fulana na kuchomoa. Bastola inaweza kusaidia, sibishi, lakini inasaidia mtu aliyeliona jambo mapema na aliyefanya mazoezi mpaka mkono unajua njia wenyewe. Siyo mtu aliyefyatua mara sita siku ya kununua, kisha akaiweka mpaka Krismasi ijayo.

Nikamwuliza kaka: hela ya jioni, kwa nini uitembeze? Wateja wako wote wana simu. Pokea kwa simu na benki, peleka kilichobaki mchana, badilisha njia na muda wa kufunga. Hiyo pikipiki iliyokufuata ilifuata begi. Ondoa begi.

NYUMBANI NDIYO MTIHANI

Bastola inakaa kiunoni saa chache. Saa zilizobaki inakaa nyumbani. Kwa hiyo swali la kwanza siyo "Glock au Beretta". Swali ni inalala wapi, na inalala na nani.

Uchaggani Desemba nyumba moja inalaza watu ishirini. Watoto wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi, wote wanakimbizana vyumbani, wanaficha zawadi chini ya mito. Na wengi wenu mnaziweka wapi? Chini ya mto. Haya.

Halafu kuna lile ambalo watu wengi hawalijui kuhusu hizi zinazojikoki: ukichomoa magazini, bastola haijawa tupu. Risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, na hiyo moja inaua vizuri tu. Mtu anachomoa magazini, anajiona ametimiza wajibu, mtoto anaokota "iliyo tupu". Mjomba alinifundisha: chomoa magazini, vuta nyuma chuma cha juu, tazama kwa jicho, ingiza kidole uhakikishe, rudia. Halafu ndani ya sefu iliyofungwa ukutani au sakafuni, risasi mbali nayo. Hujawa na hela ya sefu? Basi hujawa na hela ya bastola.

Na kuna hatari nyingine ndani ya nyumba ambayo haina uhusiano na watoto. Mei 2022, Buswelu, Mwanza, mke aliuawa kwa risasi nyumbani na mumewe, na siku chache baadaye mume naye akakutwa amekufa Ziwa Victoria. Nchi nzima ilizizima. Ugomvi wa ndoa upo kila nyumba. Kwenye nyumba isiyo na bastola unaisha kwa mtu kwenda kulala kwa dada yake.

Kwa hiyo nikampigia wifi. Nikamwuliza, "Kaka kakwambia anataka kununua silaha?" Kimya. Halafu akasema, "Nilikuwa nasubiri mtu aniulize." Sitaandika yote aliyoniambia, aliniruhusu haya tu: kwamba tangu biashara iyumbe kaka anakunywa, akinywa anakuwa mtu mwingine, na kwamba yeye anaogopa hiyo bastola kuliko anavyoogopa hao wa pikipiki.

Kaka yangu si mtu mbaya. Nampenda. Ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Na ndiyo maana nimesema.

SHERIA NAYO IPO

Kwa wale mnaodhani ni kama kununua simu Kariakoo: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka uwe na cheti cha umahiri na leseni. Maombi yanaanzia chini kwenye mtaa na kata, wanaokujua tabia, yanapanda wilaya na mkoa ndiyo yafike juu polisi. Mwaka 2016 wamiliki nchi nzima waliambiwa wapeleke silaha zao zihakikiwe, na hata Rais wa wakati ule alihakiki za kwake. Kama yeye alihakikiwa, wewe na fulana yako ni nani?

Na leseni yako ni ya Tanzania. Ukivuka Holili kwenda Taveta kumsalimia shemeji na mguu wa kuku kiunoni, upande wa pili wewe ni mhalifu. Kadhalika ukipandisha wageni mlimani. Hifadhini huingii na silaha bila kibali.

NIMEMSHAURI HIVI

Kama ni shabaha tu, kama mchezo, chukua kubwa kaka, CZ au Glock 17, yoyote inayokaa vizuri mkononi mwako siyo kwenye picha. Jifunze kwa mwalimu, nenda kila mwezi, ikitoka huko irudi kwenye sefu.

Kama ni kubeba, chukua saizi ya kati, mfuko mzuri, ifiche mpaka mkeo mwenyewe asijue leo umeivaa au hujaivaa. Siku ambayo baa itajua una bastola ndiyo siku umeacha kustahili kuwa nayo.

Na kabla ya yote mawili, mwulize wifi mbele ya watu wanaokuheshimu, umsikilize mpaka amalize. Akisema anaogopa, jibu umeshalipata, hakuna haja ya Glock wala Beretta. Acha pombe kwanza, mwaka mzima, halafu tuongee.

Nilituma ujumbe wote huo. Tiki za bluu zikaja. Siku nne hakujibu, hata kwenye kundi la familia akanyamaza. Jana usiku akaandika mstari mmoja: "Hivi wifi yako kakwambia anaogopa?"

Nimemjibu amwulize mwenyewe. Bado sijui kama atauliza. Fomu zake ziko mezani, na Krismasi tunalala nyumba moja, sisi na watoto wote.

Haya, nyie mnasemaje? Mwenye mume, kaka au baba mwenye mguu wa kuku nyumbani, hebu semeni ukweli. Unalala usingizi?